Majibu kwa wanaojenga wiki za chuo, na wanaozipiga kufuli

Toka niseme hapa kwamba kila chuo kinahitaji wiki yake, yaani kurasa ambazo mwanachuo yeyote anazifungua, anasahihisha na kuongeza anachokijua kuhusu hosteli, kozi, usafiri na maisha ya pale, maswali hayakatiki. Nimechagua haya. Yaliyojirudia nimeyajibu mara moja, atakayeuliza tena atasubiri sana.

Tunataka kuanzisha wiki ya chuo chetu. Tutumie programu gani? (Wengi, kutoka kila kona)

DokuWiki. Nimemaliza.

Haya, kwa msioridhika. DokuWiki ipo toka 2004, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya PHP, haitaki databesi, kila ukurasa ni faili la maandishi tu, inakaa hata kwenye hosting, yaani seva ya kukodi, ya bei ya chini kabisa, na bakapu ni kukopi mafolda. Kama mna mtu anayeijua seva vizuri na hamtaki watu wahangaike na alama alama za kupangia maandishi, wekeni MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, ambayo toka toleo la 1.35 la mwaka 2020 inakuja na VisualEditor humo humo, unaandika kama uko kwenye Word.

Ila kinachonikera ni kwamba hili ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mnabishana programu mwezi mzima, mwezi wa pili mnabishana logo, na hakuna hata mmoja aliyeandika hosteli ya wasichana inafungwa saa ngapi. Pale Davis, California, wanafunzi wawili, Philip Neustrom na Mike Ivanov, walianzisha Davis Wiki mwaka 2004 juu ya MoinMoin, programu ambayo nina hakika wengi wenu hamjawahi kuisikia. Baadaye Neustrom akaifumua akatengeneza yake akaiita Sycamore, halafu wiki ikahamia tena kwenye LocalWiki. Programu tatu, wiki ni ile ile, na ilikua mpaka ikatoka nje ya chuo ikawa ya mji mzima, migahawa, nyumba za kupanga, barabara, kila kitu. Watu wa Davis hawakuwa wanaenda pale kwa sababu ya Sycamore, walikuwa wanaenda kujua nyumba fulani ina mende au haina.

Kwani grupu la WhatsApp halitoshi?

Grupu linaishia watu 1,024, na swali la "fomu ya mkopo inapelekwa wapi" litaulizwa humo kila Jumatatu mpaka uhitimu. Halitoshi.

Tulifungua wiki yetu mwezi wa tatu. Waliojisajili ni wengi tu ila hakuna anayeandika. Tufanyeje? (Mwaka wa pili, Dodoma)

Linki uliyotuma nimeifungua. Ukurasa wa mbele una salamu za mwenyekiti, picha ya geti, na vichwa vya habari kibao ambavyo chini yake pameandikwa "inakuja hivi karibuni". Sasa nani ataandika humo? Mtu akikuta patupu anapita, akikuta pamekosewa ndio mkono unawasha. Andika nauli ya daladala ya kwenda mjini ambayo ni ya mwaka jana, kabla ya chakula cha usiku kuna mtu atakuwa ameshairekebisha, tena kwa hasira, na aliyerekebisha mara moja ndiye huyo huyo atakayerudi. Wala hamna haja ya kukosea makusudi, mtakosea tu.

Kwa hiyo kaeni watu watano au sita, Jumamosi moja, kila mtu aandike kurasa fupi fupi kadiri anavyoweza, mistari mitatu minne inatosha. Na tafadhali msianze na historia ya chuo, ipo kwenye tovuti ya chuo na hakuna anayeisoma hata huko. Andikeni yanayoulizwa. Bumu, ile pesa ya mkopo, likichelewa unaanzia ofisi gani na unabeba karatasi gani, usajili wa kozi ukigoma nani anaufungua, sapu, mtihani wa kurudia, inalipiwa wapi na mwisho lini, geto za nje ziko mitaa ipi na wenye nyumba wanadai kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo, steshenari ipi inaprinti mpaka usiku, maji yakikatika bloku ipi bado yanatoka. Hujui uanze na lipi? Ingia kwenye grupu la mwaka wa kwanza, panda juu mpaka siku za usajili, kila swali lililoulizwa zaidi ya mara moja ni ukurasa. Umepata kazi ya miezi.

Na msiogope wachache. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii za mtandaoni, kwa makadirio yake, asilimia 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, 1 ndio wanaobeba mzigo. Chuo chenye watu elfu nane hiyo 1 ni watu themanini, na hata ukikosea hesabu kwa mbali ukabaki na wanaoenea kwenye vimbweta viwili, wiki inaendeshwa. Watafuteni hao, kwa kawaida ni yule CR, kiongozi wa darasa, anayejibu watu saa sita usiku bila kulalamika na yule jamaa wa mwaka wa tatu anayejua kila ofisi, halafu acheni kuwalaumu wengine kwenye magrupu eti hawana moyo wa kujitolea. Msomaji naye ni mtu wa wiki.

Mwisho, mwezi wa tatu mlifungua kwa sababu gani? Wiki ya chuo inafunguliwa kabla wapya hawajaripoti, mwezi wa tisa au wa kumi, wakati watu wanapotea njia. Mwezi wa tatu kila mtu ameshapotea na ameshapata njia yake mwenyewe. Bandikeni QR kwenye kila bloku ya hosteli, ila iende kwenye ukurasa wa bloku hiyo, isiende kwenye salamu za mwenyekiti.

Sisi serikali ya wanafunzi tunaona ni vizuri kila ukurasa upitiwe na kamati kabla haujaonekana, kulinda heshima ya chuo. Unatushauri kamati iwe na watu wangapi? (Waziri wa habari, jina la chuo nalihifadhi)

Mheshimiwa waziri, sifuri.

Hili nitalisema tena na tena mpaka lichoshe. Mwezi wa tatu mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha ensaiklopidia ya mtandaoni inaitwa Nupedia, yenye kamati kama hiyo yako, tena ya wasomi wa kweli, makala inapita hatua saba za ukaguzi ndio itoke. Mpaka inazimwa mwaka 2003 makala zilizomaliza safari hiyo hazikufika hata thelathini. Wakati inasuasua, Januari 15, 2001, wakafungua pembeni kitu cha wazi ambacho yeyote anaandika, lengo lilikuwa kuisaidia Nupedia ipate makala. Hicho cha pembeni ndio Wikipedia, ndani ya mwaka ilikuwa na makala kwa maelfu. Watu ni wale wale, pesa ni ile ile, tofauti ni geti tu.

Sasa wewe kamati yako ni ya wanafunzi wenye UE (mitihani ya mwisho wa muhula), wenye mapenzi, wenye kampeni za uchaguzi. Mtu ameona nauli imekosewa, amerekebisha, anaambiwa "mchango wako unasubiri kupitishwa", anasubiri siku nne. Huyo hutamuona tena.

Kulinda kunafanyika baada ya kuandikwa. Wiki yoyote ina orodha ya mabadiliko ya karibuni, wawekeni watu wawili watatu waipitie asubuhi na jioni, na kila ukurasa una historia yake yote, upuuzi ukiingia unarudisha toleo la jana kwa kubonyeza mara moja au mbili, nani ameandika na saa ngapi kunaonekana. Fungeni ukurasa wa mbele peke yake. Halafu niseme lililonileta, kamati nyingi nilizoziona hazikuwa zinalinda heshima ya chuo, zilikuwa zinalinda heshima ya kamati. Siku mtu akiandika pesa za michango ya mwaka jana zilikwenda wapi, ndio utajua ukaguzi ulikuwa wa nini.

Tumeamka wiki imejaa kurasa za kamari na dawa za nguvu, mamia. Ni MediaWiki. Tuifunge? (Eldoret)

Usifunge, unafanya walichofanya wengi wakazika wiki nzima kwa sababu ya boti, programu zinazojaza takataka zenyewe. Wazuie wasio na akaunti wasihariri, hiyo ni mstari mmoja kwenye LocalSettings.php, faili la mipangilio ya wiki. Halafu washa ConfirmEdit, nyongeza ya kuzuia boti inayokuja na MediaWiki yenyewe, ila zile picha za herufi zilizopinda achana nazo, tumia QuestyCaptcha, unaandika maswali yako mwenyewe. Na maswali yawe ya mtu wa hapo hapo. "Mbili jumlisha tatu" boti anajibu akiwa usingizini. Uliza steji ya matatu iliyo mbele ya geti inaitwaje, au mama wa chapati wa nyuma ya maktaba wanamwitaje. Mwanafunzi anajibu akicheka, boti wa huko aliko hana habari. Kurasa zilizokwisha kuingia zifute na Nuke, nyongeza nyingine, inafuta kurasa zote za akaunti moja kwa mkupuo. Na badilisheni maswali kila muhula.

Mkituambia kila mtu aandike, je wahadhiri? Tuna mmoja anafelisha makusudi na tunataka dunia imjue.

Dunia haitamjua, nyinyi ndio mtajulikana. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yenye kifungu cha kuchapisha taarifa za uongo, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya wana yao ya makosa ya mtandao ya 2018 na ya data ya 2019. "Anafelisha makusudi" utaithibitisha vipi mbele ya hakimu?

Na tuache sheria kidogo. Mwaka 2005 mtu mmoja aliandika kwenye Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari mzee wa Marekani, aliwahi kushukiwa kwenye mauaji ya Rais Kennedy. Uongo mtupu, alikusudia utani tu, ukakaa pale miezi minne hivi. Baada ya kelele zile Wikipedia ya Kiingereza ikaondoa ruhusa ya wasio na akaunti kuanzisha kurasa mpya. Mchezo wa mtu mmoja ukabadilisha kanuni ya wote.

Andikeni kuhusu kozi, hapo hakuna wa kuwagusa. Kozi ina majaribio mangapi, kazi ya kundi ina alama ngapi, kitabu gani kinatumika kweli na kipi kimeandikwa kwenye silabasi kwa mapambo, mada ipi watu wengi hukwamia. Mwanafunzi akisoma hayo kabla ya muhula amepata zaidi ya matusi yenu yote. Hiyo sheria ya "kozi ndiyo, mtu hapana" iandikeni siku ya kwanza, siku ya ugomvi ni kuchelewa. Na mambo ya nani anatoka na nani, hata msiniulize.

Tunaweza kupandisha madesa (notisi za masomo) na mitihani ya nyuma?

Madesa uliyoandika wewe, ndiyo. Slaidi za mhadhiri, muombe kwanza. Kitabu kilichoskaniwa chote, hapana, na hilo unalijua ndio maana umeuliza kwa upole. Mitihani ya nyuma inategemea chuo, kuna vinavyoiweka maktaba wazi, hapo weka linki. Ila wiki ikigeuka stoo ya PDF hakuna atakayeandika kitu, watu watakuja kupakua usiku wa kuamkia UE na kupotea.

Kiswahili au Kiingereza?

Unachokitumia ukimwelekeza mtu kantini ilipo.

Kaka aliyejenga wiki yetu amehitimu, simu hapokei, domeini (jina la anwani ya wiki) inaisha mwezi ujao na ilisajiliwa kwa jina lake. (Morogoro)

Hapa ndipo wiki nyingi za vyuo zinapofia, kimya kimya, sio kwa spamu, yaani takataka za boti, wala kwa uvivu. Kwa leo, kama wiki yenu ni MediaWiki, tumieni ukurasa wake wa kutoa nje, Special:Export, mchukue kurasa zote na historia zake, picha mzishushe pembeni, maana faili hilo halibebi picha. Mwenye kuingia kwenye seva yenyewe atumie skripti yake ya bakapu, dumpBackup.php, na akopi folda la images. Mkishakuwa na hilo faili, domeini ikifa mnafungua kwingine na mnaendelea.

Kwa mwakani, domeini isiwe ya mtu. Ombeni kitengo cha TEHAMA wawape jina dogo chini ya .ac.tz ya chuo, ila seva na pasiwedi ziwe kwa klabu yenye mlezi, la sivyo mmerudi kwenye kamati kwa mlango wa nyuma. Admini, yaani wasimamizi wa wiki, wawe watatu, wa miaka tofauti, na angalau mmoja awe mwaka wa kwanza. Na leseni, CC BY-SA 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia maandishi mradi ataje waandishi na aachie kwa leseni hiyo hiyo, iandikwe chini ya kila ukurasa toka siku ya kufungua, kwa sababu mkija kuhama baada ya miaka mitano hamtaweza kuwatafuta walioandika wote kuwaomba ruhusa, wengine watakuwa Oman.

Kwa nini tusiandike haya kwenye Wikipedia tu? Ya Kiswahili ipo.

Ipo toka 2003 na inahitaji watu, nendeni. Ila inataka vyanzo vilivyochapishwa, na hakuna gazeti lililowahi kuandika kwamba choo cha bloku B hakina kitasa.

Nimekuambatanishia pasiwedi ya seva yetu, naomba uingie uangalie kwa nini inagoma.

Siingii. Na ibadilishe sasa hivi, pamoja na kila sehemu nyingine uliyoitumia hiyo hiyo, najua zipo.