"Tulichapwa na Tuko Sawa": Anayesema Hivyo Aulizwe Mkewe

*Nina miaka 38. Baba alikuwa mlevi, alimpiga mama karibu kila mwisho wa mwezi. Nimejibu yale maswali kumi ya mtandaoni kuhusu utoto nikapata 6. Je, nitapata wazimu? – Free Area, Nakuru*

Hapana. Na hili ni swali la tano la aina hiyo tangu Pasaka, kwa hivyo leo nalijibu kwa mara ya mwisho. Chanzo cha maswali hayo, ambapo kila "ndiyo" ni alama moja, ni utafiti wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, uliofanyiwa watu zaidi ya 9,500 huko San Diego, Marekani, na kuchapishwa 1998. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso utotoni walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote. Hiyo ni hesabu ya umati. Haijui kama shosho alikuficha jikoni kwake usiku ule, wala mateso yalidumu miezi au miaka. Anda mwenyewe alionya mwaka 2020 kwamba alama hizo zisitumiwe kumpima mtu mmoja mmoja. Akili haisahihishwi kama ule mtihani wa zamani wa darasa la nane.

Ulichosahau kuniambia: unalala? Unakunywa? Unamfokea nani nyumbani? Niandikie hayo.

*Mtoto alikuwa na miaka miwili baba yake aliponivunja mkono mbele yake. Sasa tuna amani. Si ni mdogo, atasahau? – Mama, Kondele*

Tukio lenyewe huenda asilikumbuke, mama. Lakini ameshajua kwamba mtu mzima hugeuka ghafla, na mwili wake unaweza kuzoea kukesha: moyo mbio, homoni za hofu juu, usingizi wa mang'amung'amu.

Nina mteja, fundi wa magari aliyepita miaka 40, ambaye ameniruhusu nisimulie hili. Komeo la geti likigonga jioni, spana humtoka mkononi na mabega hupanda hadi masikioni. Babake alikuwa akirudi saa moja, na komeo ndilo lililotangulia. Mzee alizikwa zamani. Fundi bado hulisikia, na miaka yote hiyo amekuwa akilizima kwa chang'aa.

Wako ni mdogo, na hapo una bahati. Mpe mtu mzima mmoja asiyebadilika, chakula kwa saa zilezile, na akilia usiku usimkaripie. Ila hiyo "sasa tuna amani" inanikera. Ameacha kupiga, au wewe umejifunza kunyamaza?

*Kuna dawa ya kusahau utoto? – Nyalenda*

Hakuna. Anayekuuzia ni mwizi.

*Sisi tulichapwa nyahunyo na tuko sawa. Mbona mnadekeza watoto wa siku hizi? – Mwalimu, Bungoma*

Mwalimu, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Unajua hilo kuliko mimi.

Halafu, "tuko sawa" kina nani? Wenzako wa darasa ambao hawako sawa hawaandikii magazeti. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba wavulana 73 na wasichana 66 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya miaka 18. Kitu kikishampata karibu kila mtu tunakiita malezi. Nami nilichapwa, kwa kipande cha mpira wa maji, kwa kosa la hesabu za kugawanya. Hadi leo nikipewa bili hotelini natoka jasho kabla sijaisoma. Kugawanya sikujua hadi dada yangu aliponifundisha kwa maharagwe.

*Dada yangu, 19, husikia sauti zikimtukana. Alipokuwa mdogo mjomba alimdhulumu. Mama anasema ni mapepo. – Kakamega*

Mpelekeni hospitali wiki hii, si baada ya mfungo. Mchungaji aombe, sina ugomvi naye, mradi asimfunge kamba wala kumkataza dawa. Waliodhulumiwa utotoni wana hatari kubwa zaidi ya kusikia sauti kama hizo, na zinatibika. Mwambieni daktari habari ya mjomba, msimfichie kwa aibu ya ukoo.

Na huyo mjomba bado anakuja kwenu Krismasi? Kuna watoto wengine hapo? Piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.

*Nyumba yetu Molo ilichomwa Januari 2008 nikiwa darasa la pili. Kila uchaguzi ukikaribia silali, nanusa moshi ambao haupo. Nianzie wapi?*

Anza na kliniki ya afya ya akili katika hospitali kubwa ya kaunti iliyo karibu nawe. Waambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, pamoja na ule moshi, usiseme tu "nakosa usingizi" wakakupa vidonge ukarudi nyumbani. Uliza kama kuna mtaalamu wa tiba ya mazungumzo kwa waliopatwa na kiwewe. Tiba hiyo huchukua majuma kadhaa, kwa hivyo usingoje mabango ya kampeni yatundikwe. Uchaguzi ni Agosti 2027.