Jibu: Sauti ya Gene Austin inamezwa na mikwaruzo
Salaam mkuu. Unasema santuri yako ya mwimbaji wa Marekani Gene Austin, ya kampuni ya Victor, 1927, inatoa mikwaruzo tu na sauti iko mbali. Anza na sindano. Ile ya santuri za 33 (mizunguko 33 kwa dakika) ni nyembamba mno kwa santuri yako, inazama chini ya mfereji kwenye uchafu. Za mizunguko 78, kama hiyo yako, zinataka pana, mikroni 75 hivi (milimita 0.075). Za kwangu nilipobadilisha sindano tu, kelele nyingi ziliondoka.

Halafu tazama karibu na lebo: herufi VE ndani ya umbo la yai maana yake ilirekodiwa kwa maikrofoni, ambayo Victor walianza nayo 1925. Hiyo ndiyo iliyompa Austin ulaji, maana mbele ya pembe la zamani, lililonasa sauti bila umeme, mnong'ono wake usingeshika. Ukiihamishia kwenye kompyuta kusafisha kelele, usikate sana sauti nyembamba za juu, pumzi zake zimo humo.