Unapima maji ya chini bondeni? Pima na mto, tena siku hiyohiyo

Nimefanya hii kazi ya kufuatilia maji ya chini ya ardhi kwenye mabonde ya milimani kwa muda sasa, na wanaoanza karibu wote wananiuliza wanunue sensa gani. Mi nawauliza kwanza, mto umeuwekea nini? Maana mtu anachimba visima vya uchunguzi vizuri tu, anafunga data loga (kifaa kinachorekodi kina cha maji chenyewe), anachora grafu za kupendeza, alafu mto unaopita hapo pembeni hauna hata ubao wa kusomea kina. Hiyo kazi ni nusu. Bonde la namna hiyo chini kuna changarawe na mchanga ambao mto wenyewe umeuleta, umelala juu ya mwamba, kwa hiyo maji ya mtoni na ya kisimani yanapokezana muda wote. Maji ya chini yakisimama juu kuliko mto, mto unalishwa. Yakiwa chini yake, mto ndo unapoteza.

Na usidhani ukishajua upande mmoja umemaliza. Kijito kikitoka kwenye korongo na kumwagikia bondeni pale kwenye lundo la mawe na changarawe, mara nyingi kinazama, kiangazi unaweza kukikuta kimekauka kabisa. Ukishuka chini bonde linapobana na mwamba unapokaribia juu, maji hayana pa kwenda, yanapanda, unaona chemchemi na majani mabichi hata wakati wa ukame. Mto mmoja, tabia mbili. Alafu theluji ikianza kuyeyuka au mvua kubwa ikishuka mto unajaa ghafla unasukuma maji kwenye kingo, yanakaa humo, mto ukipungua yanarudi taratibu. Kwa hiyo ukiweka visima vyote sehemu moja eti kwa sababu barabara inafika, utapata jibu la hapo barabarani tu.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoharibu data nyingi kuliko sensa mbovu: kimo. Tofauti unayoitafuta kati ya kisima na mto inaweza kuwa sentimita 10, na simu yako kwenye kimo inakosea kwa mita kadhaa. Haifai hata kidogo. Tafuta fundi wa upimaji mwenye leveli (darubini ya kulinganisha vimo), achukue kimo cha mdomo wa kila bomba na cha sifuri ya ubao wa mtoni, vyote kutoka alama moja iliyo kwenye mwamba au zege isiyotikisika. Kwenye mdomo wa bomba piga msumeno kidogo uweke kovu, kila anayekuja na utepe apimie hapohapo, maana bomba likikatwa mshazari upande na upande unatofautiana. Mafuriko yakipita rudia leveli ya ubao, mawe yanaupinda na huwezi kuona kwa macho.

Kama hela ya kuchimba haipo, kuna njia rahisi ambayo mi naipenda kuliko zote. Chukua bomba jembamba la chuma, toboa matundu sehemu ya chini, ligongee kwenye sakafu ya mto kama mita moja hivi. Ngoja maji yatulie, alafu linganisha maji ya ndani ya bomba na ya mto nje. Ya ndani yako juu, maji ya chini yanapanda kuingia mtoni. Yako chini, mto unanyonywa. Wakati mwingine ni sentimita 2 au 3 tu, na mto una mawimbi, kwa hiyo funga kikopo chenye tundu dogo nje ya bomba usomee humo maji yakiwa yametulia. Na kabla hujaamini namba yoyote mimina maji ndani ya bomba uangalie. Yakishuka vizuri, sawa. Yakikaa tu yanakutazama, bomba limezibwa na tope na unachosoma ni maji ya juzi.

Joto la maji nalo linasema mengi kwa bei ndogo. Maji ya chini hayabadiliki sana joto, yanakaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa pale, wakati mto unapanda na kushuka kila siku. Tembea ndani ya mto mchana wa joto na kipimajoto kwenye fimbo, karibu na sakafu, ukikuta mahali pa baridi weka alama. Msimu wa baridi ni kinyume chake, tafuta pasipoganda. Ukiwa na kile kifaa cha kupima upitishaji wa umeme wa maji, beba pia, maji ya theluji yana chumvi kidogo sana na yaliyokaa ardhini kwa kawaida yana zaidi.

Kupima mtiririko juu na chini ya kipande cha mto ili uone kilichoongezeka, ni sawa, ila jua mipaka yake. Kipimo kizuri kinakosea kama asilimia 5 hivi, mto wa mita za ujazo 2 kwa sekunde hiyo ni lita 100, kwa hiyo ukipata tofauti ya lita 60 usikimbilie kutangaza kitu. Fanya kiangazi mto ukiwa umetulia, hesabu na vijito na mifereji ya umwagiliaji katikati. Na kwenye mto wa theluji usipime juu asubuhi na chini jioni, theluji ya mchana ndo itakupa hiyo “ongezeko”.

Data loga ya kuzama isiyo na kitundu cha hewa inasoma mgandamizo wa maji na wa hewa kwa pamoja, kwa hiyo ukiinunua, nunua na ya kupima mgandamizo wa hewa peke yake uutoe, ikae bonde hilohilo. Milibari 1 (kipimo cha mgandamizo) ya hewa ni karibu sentimita 1 ya maji, dhoruba ikipita grafu yako inacheza na maji wala hayajasogea.

Mwisho, pampu. Visima vya wenyeji ni msaada mkubwa ila omba wazime pampu na usubiri maji yarudi kabla hujapima, na uandike kama jirani anapampu. Kisima kilicho karibu na mto kinaanza kwa kuchota maji yaliyohifadhiwa kwenye changarawe, mto hauhisi kitu, alafu baada ya wiki au miezi sehemu kubwa inaanza kutoka mtoni. Na ukizima leo mto unaendelea kupungukiwa kwa muda, kwa hiyo anayekuletea vipimo vya wiki moja kuthibitisha kwamba pampu yake haigusi mto, mwambie aendelee kupima mpaka msimu ugeuke.