Chonge limeota juu ya fizi: yaliyonikuta na mwanangu

Dada umeuliza: binti ana miaka 12, jino la chonge limeotea juu kabisa ya fizi, ya mbele yamepandana, na hujui uanzie wapi hapa Dar. Mwanangu alikuwa hivyohivyo. Tumefungua waya wa kupanga meno mwaka jana.

Usikimbilie kung'oa hilo chonge. Jirani alinishauri hivyo na nilikaribia kumsikiliza. Chonge la juu huchelewa kuota, miaka 11 mpaka 13 hivi, likifika linakuta wenzake wameshajaza nafasi, basi linapanda ghorofani. Lenyewe halina kosa, na mzizi wake ndio mrefu kuliko yote mdomoni. Kwa mwanangu yaling'olewa magego madogo, moja kila upande, juu na chini. Meno manne mazima! Bibi yake alininunia siku mbili. Si kila mtoto hung'olewa, wengine nafasi hupatikana bila hivyo.

Daktari aliniuliza kama tuliwahi kumng'oa meno ya utoto mapema. Ndiyo, magego mawili yaliyotoboka, akiwa na miaka 6. Kumbe jino la utoto humshikia nafasi mwenzake anayekuja. Likiondoka kabla ya wakati, majirani wanalalia pengo.

Pa kuanzia ni kitengo cha meno cha hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, watamwangalia na kukupa rufaa. Muhimbili wapo mabingwa, na MUHAS, chuo kikuu cha afya palepale, ndipo wanaposomea madaktari wa meno. Jiandae kwa foleni. Kliniki za binafsi zipo tele, ila si kila daktari wa meno ni bingwa wa kupanga meno, kwa hiyo muulize bila aibu kasomea nini. Ya kwanza tuliyokwenda walitaka kumfunga waya siku hiyohiyo. Hakuna picha, hakuna vipimo, dogo anaonyeshwa rangi za vijiraba vya kufungia waya achague! Tukaaga. Tulikofungiwa walipiga picha ya taya zote na ya kichwa kwa ubavu, wakamng'atisha ule uji mzito unaoganda kuchukua umbo la meno, kisha wakatuita kutueleza mpango mzima.

Uvumilivu ndio kazi. Waya unasukuma jino, mfupa wa upande linakoelekea unalika, wa nyuma yake unajengwa upya. Kwa mwezi ni kama milimita moja. Sisi tulikwenda miezi 26, kila baada ya wiki nne au sita.

Bei usiulize ya waya peke yake. Uliza kama picha, kung'oa, mahudhurio, kidude kinachogandishwa kwenye jino kushika waya kikibanduka, na kishikizo cha mwishoni cha kuzuia meno yasirudi, vyote vimo humo. Sisi tulilipa kidogokidogo. Bima yetu ilikataa, wakasema ni urembo, kwa hiyo wapigie wa kwako mapema. (Angekuwa na mwanya tu ningemwacha nao, mwanya ni uzuri wake.)

Siku tatu za kwanza ni uji na ndizi za kupondwa. Ncha ya waya ikichoma shavu, wanakupa nta, unafinyanga kipande kidogo kama punje ya mchele unabandika juu yake. Mahindi ya kuchoma na muwa hakuna. Wa kwangu alijiibia gunzi moja kwa wenzake, vidude viwili vikabanduka, tukarudi kliniki kabla ya siku yetu.

Na waya ukifunguliwa hujamaliza. Anapewa kishikizo cha plastiki, maana meno hupenda kurudi yalikotoka, hasa miezi ya mwanzo. Wa kwangu alikivua mgahawani, akakifunga kwenye tishu, mhudumu akapangusa meza na kwenda nacho. Tulipata kingine baada ya wiki tatu, na jino moja la chini lilishaanza kugeuka.