Maswali na Majibu: Douglas Wilder, Wakili Aliyekuwa Gavana wa Virginia

Ni kweli Wilder ndiye gavana wa kwanza mweusi Marekani? (Msomaji, Tanga)

Wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, ndiyo. Kabla yake P. B. S. Pinchback alikaimu Louisiana kwa wiki chache, Desemba 1872 hadi Januari 1873, lakini huyo hakupigiwa kura. Wilder alichaguliwa Novemba 1989, tena Virginia, ambako mji wa Richmond uliwahi kuwa makao makuu ya majimbo yaliyojitenga kulinda utumwa. Babu na bibi zake walikuwa watumwa.

Sheria aliisomea wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na alimaliza 1959. Lakini alianza na shahada ya kemia, kisha akaenda vitani Korea. Kwenye mapigano ya Pork Chop Hill, 1953, yeye na wenzake wawili walijikuta wametengana na kikosi chao. Wakawazuga askari 19 wa adui hadi wakajisalimisha! Akatunukiwa nishani ya Bronze Star. Ukiniuliza mimi, uwakili wake ulianzia kilimani pale. Ada ya Howard ilitoka kwenye mpango wa serikali wa kuwasomesha wanajeshi waliorudi vitani.

Nasikia aliponea chupuchupu. (Mama wawili, Mombasa)

Alishinda kwa kura zisizofika 7,000 kati ya karibu milioni 1.8. Cha ajabu, wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni walikuwa wamempa ushindi wa takribani asilimia 10. Wachambuzi walisema baadhi ya wazungu waliona haya kukiri kwamba hawakumpa kura. Inaingia akilini. Mpinzani wake, Marshall Coleman, alidai kura zihesabiwe upya; matokeo yakabaki yaleyale.

Januari 1990 aliapishwa na Lewis Powell, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu. Powell huyo ndiye aliyeongoza bodi ya shule za Richmond miaka ya 1950, weusi na wazungu wakiwa bado wanasoma mbalimbali.

Alifanya nini cha maana ofisini? (Msomaji, Kisumu)

Alikuta nakisi ya zaidi ya dola bilioni 2, akabana matumizi badala ya kupandisha kodi. Aliagiza taasisi za jimbo ziondoe fedha zao kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1993 akapitisha sheria ya kununua bastola moja tu kwa mwezi. Ninapomdai ni kwenye adhabu ya kifo: akiwa seneta aliwahi kuipinga, lakini akiwa gavana aliacha watu wakalishwe kwenye kiti cha umeme.

Mbona hakugombea muhula wa pili? (Msomaji, Nakuru)

Katiba ya Virginia hairuhusu mihula miwili mfululizo, tofauti na magavana wenu wa kaunti. Urais aliujaribu, akajitoa Januari 1992. Baadaye, 2005 hadi 2009, alikuwa meya wa Richmond, na ugomvi haukuisha. Septemba 2007 alituma wapagazi usiku wahamishe ofisi za bodi ya shule kutoka jengo la manispaa. Jaji akatoa amri kazi isimame, naye wakili mzima akalazimika kutii.