Hema ya Musa na Yesu: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia hema ya kukutania, ile nyumba ya Mungu ya kuhamahama waliyoijenga Waisraeli jangwani, Kutoka 25 mpaka 40, nikasema Wakristo tunaisoma kama picha ya Yesu, basi meseji zikamiminika. Nimechukua chache. Za matusi nimeziacha zilale.

Hema ilikuwa kubwa kiasi gani? Kwenye kalenda ya kanisani inaonekana kama stediamu. (Dodoma)

Kalenda hizo zinatuponza. Ua wake ulikuwa dhiraa 100 kwa 50, na dhiraa moja piga kama sentimita 45, kwa hiyo mita 45 kwa 22 na nusu, uwanja wa mpira unazimeza nyua kama hizo karibu saba. Hema yenyewe mle ndani ni dhiraa 30 kwa 10 basi. Siku moja tuliichora kwa kamba na majivu nyuma ya kanisa, mita 13 na nusu kwa 4 na nusu, tulipomaliza tukabaki tunatazamana, mama mmoja akasema "hii si mabasi mawili ya mkoani yamepaki ubavu kwa ubavu?" na kweli ndo ilivyo. Kisha tukakata theluthi ya mwisho, ile ya patakatifu pa patakatifu, chumba cha ndani kabisa nyuma ya pazia: 10 kwa 10, na kwenda juu 10. Mchemraba kamili. Sasa nenda Ufunuo 21 uone mji mpya, urefu na upana na kwenda juu kwake ni sawasawa. Hapo ndo niliacha kuruka zile sura za vipimo.

Mwalimu wetu anasema buluu ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu. Andiko liko wapi? (Morogoro)

Halipo. Kutoka inazitaja rangi tena na tena ila haisemi hata mara moja zinamaanisha nini. Zambarau na buluu za zamani zilitoka kwa konokono wa baharini, nyekundu kwa wadudu wadogo, vitu vya bei mbaya sana, hiyo inatosha kueleza kwa nini zilipelekwa nyumba ya Mungu. Hata ile habari kwamba vyombo vilipangwa kama msalaba, kweli meza iliwekwa upande wa kaskazini na kinara kusini (Kutoka 40), ukichora mistari unaupata msalaba wako, lakini hakuna mwandishi wa Biblia aliyeichora. Mimi najiuliza kwanza, Agano Jipya lenyewe limesema? Mana limesema, Yohana 6. Damu ya mbuzi na ndama, Waebrania 9. Pazia, limesema. Mengine hubiri tu bwana, ila sema "mimi naona", usiseme "imeandikwa".

Pazia lina nini cha ajabu hadi kila Pasaka lazima litajwe? (Kisumu)

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Anza Mwanzo 3, Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini, Mungu anaweka makerubi, viumbe wa mbinguni wenye mabawa, upande wa mashariki walinde njia ya mti wa uzima. Halafu njoo kwenye hema: mlango unaangalia mashariki, ndani kuna kinara cha dhahabu chenye matawi na vikombe vya maua ya mlozi, yaani ni mti kabisa unaowaka, na mbele yako pazia limefumwa makerubi. Makerubi walewale! Kuhani akiingia anatembea kuelekea magharibi, kama mtu anayejaribu kurudi Edeni, anafika kwa walinzi, anasimama. Mtu mmoja tu anapita, kuhani mkuu, siku moja kwa mwaka, na damu mkononi (Walawi 16).

Ndo maana Mathayo 27:51, pazia kupasuka toka juu hata chini, inawagusa watu hivyo. Ingawa tuwe makini, lililopasuka ni la hekalu la Yerusalemu, hema ya Musa ilishakuwa historia ya zamani sana, na nyuma ya pazia hilo hata sanduku la agano, lile lililokaa humo zamani, lilikuwa halipo tena. Waebrania 10:20 ndo inamaliza kwa kusema pazia ni mwili wake.

Ni kweli kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifa wamvute? (Bujumbura)

Hapana. Biblia haina, ni hadithi ya maandishi ya Kiyahudi ya Zama za Kati. Na wanaosema watu nje walisikiliza njuga wasome Walawi 16:4, siku ile aliingia na kitani tupu, joho la njuga alikuwa amelivua.

Ngozi za pomboo kufunika hema jangwani? Sisi wa Kizimkazi tunawajua pomboo.

Hahaa, umenishika. Neno la Kiebrania ni *tahash* na watafsiri wamehangaika nalo miaka yote, wengine pomboo, wengine mnyama wa nchi kavu, wengine ngozi laini tu. Vyovyote iwavyo ndilo lilikuwa tabaka la juu kabisa. Ukisimama nje unaona ngozi tu, dhahabu yote iko ndani, na wahubiri wanaiunganisha na Yesu kwa Isaya 53, "hana umbo wala uzuri". Hiyo nayo ni hubiri, ila naipenda.

Mimi ni Muislamu, nauliza kwa heshima: Nabii Musa alijua anajenga picha ya Yesu? (Mombasa)

Karibu sana ndugu yangu. Kutoka haisemi alijua. Inasema alionyeshwa mfano mlimani akaufuata. Sisi tunasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, Yohana akiandika kwamba Yesu "akakaa kwetu" anatumia neno la Kigiriki la kupiga hema, basi tukishalisikia hilo hatuwezi tena kuisoma Kutoka kama zamani. Wayahudi wanaisoma bila Yesu na kwao inaeleweka vizuri tu.

Kitu gani kwenye hema hakihubiriwi? (Mwanza)

Vitako, yaani misingi ya chini! Mbao zote 48 za kuta zilisimama juu ya vitako vya fedha, viwili kila ubao, ongeza vinne vya nguzo za pazia, jumla 100, kila kimoja talanta nzima, kilo 30 na kitu. Fedha ilitoka wapi? Nusu shekeli (kipimo cha uzito wa fedha) ya kila mwanamume aliyehesabiwa, fidia ya nafsi yake, tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Kwa hiyo hema yote ilikanyaga pesa ya fidia, halafu Petro anakuja kuandika kwamba hamkukombolewa kwa fedha wala dhahabu. Hesabu iko Kutoka 38:25 hadi 28, wanaume 603,550, kaeni nayo na kalkuleta, inatoka kamili.