Ndege za Rada: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kukarabati au Kununua Mpya

Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika kutunza rada za ardhini, kwanza nikiwa fundi kijana katika kituo kimoja kwenye miinuko ya magharibi mwa Kenya, kisha nikiwa msimamizi wa mafundi, na sasa nimestaafu hapa Kisumu. Vijana wanaosomea elektroniki hunijia mara kwa mara, na tangu habari za ndege za tahadhari ya mapema, yaani ndege zinazobeba rada angani ili kumwona adui akiwa bado mbali, zilipoanza kuzagaa, swali lao limekuwa moja: jeshi lenye ndege za rada zilizozeeka lizikarabati au linunue mpya? Kenya haina ndege za aina hii, lakini swali lenyewe ni lile lile tulilokumbana nalo kituoni, na kesho baadhi ya vijana hao watakaa katika kamati za manunuzi wakilijibu kwa fedha za umma. Ushauri wangu kwao ni kwamba wasianze na rada. Waanze na ganda la ndege, yaani mwili na mabawa yake, spea na watu, kisha wasikubali chombo cha zamani kiondolewe kabla kipya hakijathibitishwa kazini.

Sababu ya kuipandisha rada angani ni nyepesi kueleweka kwa mtu anayeishi kando ya ziwa. Mwale wa rada husafiri karibu na mstari mnyoofu, ilhali uso wa dunia umepinda. Antena iliyosimama mita 10 juu ya maji pale ufukweni Dunga haiwezi kuiona ndege inayoruka mita 100 juu ya ziwa mpaka ndege hiyo iwe imefika umbali wa kilomita 50 hivi, hata antena hiyo ukiipa umeme wa mji mzima. Ipandishe mita 9,000, na ndege ile ile itaonekana ikiwa umbali wa yapata kilomita 400. Japani ilijifunza jambo hili mwezi Septemba mwaka 1976, wakati rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alipotua Hakodate na ndege ya MiG-25, baada ya kuruka chini kiasi kwamba rada za ardhini zilimpoteza. Haukupita muda mrefu nchi hiyo ikaamua kununua ndege za rada za E-2C Hawkeye.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema rada isiwe swali la kwanza. Katika kituo chetu antena ilizunguka usiku na mchana juu ya beringi moja kubwa. Mkuu wetu wa karakana, mzee aliyenifunza kazi, alikuwa na desturi ya kuchovya kidole katika mafuta ya giaboksi, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akakielekeza kidole kwenye mwanga wa dirisha aone kama kuna vumbi la chuma linalometameta. “Kijana,” aliniambia siku moja, “usiandike kwamba mtambo ni mzima kabla hujayaangalia mafuta.” Baadaye wakubwa walituletea kompyuta mpya na skrini za rangi, na picha ikawa safi kuliko wakati wowote, hata hivyo, antena ilikuja kusimama kwa wiki kadhaa kwa sababu beringi ilikuwa imekwisha na kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza. Spea ilipatikana kwa kunyofolewa katika mtambo wa kituo kingine, ambacho tangu hapo hakikufanya kazi tena.

Hayo ndiyo yaliyoikuta ndege ya rada ya E-3 Sentry kwa kipimo kikubwa zaidi. Ndege hii iliingia katika Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1977, ikiwa imejengwa juu ya ganda la Boeing 707 na kubeba mgongoni sahani ya rada yenye kipenyo cha mita 9.1. Kwa jumla zilitengenezwa 68, na mbali na Marekani zilikwenda NATO, Uingereza, Ufaransa na Saudia. Hakuna anayeweza kusema kwamba hazikukarabatiwa. Marekani iliondoa kompyuta za miaka ya 1970 na kufunga mfumo unaoitwa Block 40/45, ulioanza kazi mwaka 2014. NATO, ambayo ndege zake zina makao huko Geilenkirchen, Ujerumani, ilibadilisha vyumba vya marubani vya ndege 14 na kukamilisha kazi hiyo mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikatia saini mpango wa dola bilioni 1 ili ndege hizo zidumu hadi mwaka 2035. Pamoja na juhudi hizo zote, 707 ilikuwa imeacha kutengenezwa tangu mapema miaka ya 1990, na E-3 za Marekani zilibaki na injini za TF33 ambazo asili yake ni miaka ya 1950, wakati Uingereza, Ufaransa na Saudia zilichukua zao zikiwa na injini za CFM56 zilizo mpya zaidi. Kompyuta mpya haiongezi hata saa moja katika maisha ya bawa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha za skrini za kisasa ndani ya ndege ya kale, mwombe pia kumbukumbu za kutu na nyufa, na umwulize spea za magurudumu zinatoka wapi.

Upande wa rada nao una hoja yake, na sipendi ipuuzwe. Sahani ya E-3 huchukua sekunde 10 kumaliza mzunguko mmoja. Ndege ya kivita inayokwenda mita 300 kwa sekunde huwa imehama kilomita 3 kabla mwale haujarudi kuigusa tena. E-7 Wedgetail, iliyojengwa juu ya Boeing 737-700, ina rada ya MESA ya kampuni ya Northrop Grumman ambayo haizunguki kabisa. Mwale wake huelekezwa kwa umeme, hivyo unaweza kurudishwa upesi kwenye shabaha yenye hatari na kuachwa kidogo mahali palipo shwari. Kwa fundi aliyewahi kushinda juu ya mnara akipaka grisi, antena isiyo na beringi ya kuchakaa ni neema ya kweli. Ganda lake nalo ni la jamaa ya 737, ndege ambazo hata Kenya Airways inazirusha, kwa hiyo mafundi na spea zake wamo duniani kote. Hata hivyo, Boeing iliacha kuwatengenezea abiria kizazi hicho cha 737 kufikia mwaka 2020 hivi, na anayenunua leo kwa matumizi ya miaka 30 anapaswa kuuliza mapema hali ya spea itakuwaje katika miaka ya mwisho.

Kununua kipya hakumaanishi kukipata kwa wakati. Australia, mteja wa kwanza wa Wedgetail, iliagiza mwaka 2000 ikitarajia kuanza kuzipokea mwaka 2006. Za kwanza zilikabidhiwa mwaka 2009, na uwezo kamili ukatangazwa mwaka 2015. Walivumilia, nao wakapata ndege nzuri. Uingereza haikuwa na bahati hiyo na ndege yake ya rada, Nimrod AEW3, iliyobeba rada mbili, moja puani na nyingine mkiani, na kompyuta iliyoshindwa kumudu kazi iliyopewa. Mradi huo ulifutwa mwezi Desemba mwaka 1986 baada ya kula takriban pauni bilioni 1, na Shackleton, ndege za injini za pistoni zenye rada ya asili ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zikaendelea kulinda anga hadi mwaka 1991. Mimi huwaambia vijana wazitazame Shackleton hizo kwa heshima, kwa maana laiti zingekuwa zimeuzwa kama vyuma chakavu mara mradi mpya ulipotangazwa, Waingereza wangebaki bila chochote.

Pengo kati ya chombo cha zamani na kipya ndilo jambo linaloniudhi zaidi katika mipango ya namna hii, kwa sababu huandikwa kwenye makaratasi kana kwamba ni akiba ya fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jeshi la majini la Uingereza liliistaafisha meli yake ya kubeba ndege, HMS Ark Royal, na pamoja nayo ndege za rada za Gannet, bila kuweka nyingine mahali pake. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falkland dhidi ya Argentina, meli yao HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet lililorushwa na ndege zilizokuja zikiruka chini juu ya maji, na mabaharia 20 walikufa. Helikopta za Sea King zilifungwa rada ya Searchwater kwa haraka ya ajabu, lakini zilifika vita vikiwa vimekwisha. Ungedhani somo hilo lingekaa. Mwaka 2021 Uingereza iliziondoa E-3 zake, na mwaka huo huo ikapunguza agizo la Wedgetail kutoka 5 hadi 3. Mpya zilizotarajiwa mwaka 2023 zilichelewa, na ya kwanza iliruka kwa majaribio Septemba 2024.

Marekani yenyewe imeyumba. Iliichagua E-7 mwezi Aprili mwaka 2022, kisha Juni 2025 wizara yake ya ulinzi ikapendekeza kuachana nayo, itumie E-2D, toleo jipya zaidi la Hawkeye, na baadaye setilaiti, jambo ambalo Bunge lao lilipinga. NATO, iliyokuwa imeichagua Wedgetail mwaka 2023, iliachana na mpango wa kununua 6 mwezi Novemba 2025. Sina ugomvi na setilaiti, ila zinapaswa kuonyesha anga ile ile, usiku na mchana, sambamba na ndege, kabla ndege haijaondolewa. Kwa nchi yenye mfuko mdogo naona njia ya Sweden ina busara: ndege ya rada ya GlobalEye ya kampuni ya Saab imejengwa juu ya ganda la ndege ndogo ya wafanyabiashara, ya Bombardier, ambalo ni rahisi zaidi kulitunza, na Ufaransa ilitia saini barua ya nia ya kuzinunua Juni 2025.

Lililobaki ni watu, na hapa ninazungumza na ninyi mtakaoketi mezani siku ya mkataba. Ulizeni mafundi wangapi watafunzwa, kwa muda gani, na kama watafunzwa kufungua mtambo au kuuwasha na kuuzima tu. Ulizeni kama michoro ya umeme itakabidhiwa yote. Ulizeni pia ni nani atakayeshika nywila za programu, kwa sababu kituo chetu kiliwahi kukaa kikimsubiri mhandisi kutoka ng’ambo aje kurekebisha kipimo kimoja katika menyu ambayo mafundi wetu waliiona kila siku kwenye skrini, walijua hasa tatizo liko wapi, na mkataba haukuwaruhusu kuigusa.